Kura ya Tomori wa Agari

Jumapili, 22 Februari

Nina miaka themanini na minane. Wamarekani nimewazidi maisha hapa — walikuja, wakatawala, wakatupa dola, wakatuendeshea magari upande wa kulia. Wakaondoka, magari yakarudi kushoto, mimi nipo. Nimeizidi malaria ya vita iliyomaliza darasa langu. Nimevizidi vimbunga, kiwanda cha sukari cha zamani, mawaziri wakuu ambao hata mkaza mwanangu Fumiyo hawezi kuwataja wote. Na nimemzidi mke wangu Hatsu. Hilo sikulitaka.

Kati ya aina tatu za herufi za Kijapani, naandika zile za pembe tu. Shule ilianza na hizo. Zile za mviringo zilikuwa za mwaka wa pili, na mwaka wa pili zilikuja ndege za mabomu. Zile nyingine zinazofanana na kichaka, hizo sina habari nazo. Lakini kisiwa kizima cha Hainuma hakuna anayekandamiza herufi za pembe kama mimi. Kibao changu cha njia panda kinasema: SHAMBA LA KENTOKU. USITUPE FRIJI HAPA. Vimbunga vimeng'oa nguzo za umeme, kibao kimesimama. Watalii wanakipiga picha. Mwandiko wangu unajulikana Hainuma kuliko uso wa meya.

Na meya ndio habari. Jumapili ijayo tunachagua mpya. Tokyo wanataka bandari yetu ipanuliwe, meli za ulinzi ziingie, maana wao na Uchina wanarushiana maneno makali juu ya Taiwan. Nasi siku hewa ikiwa safi tunaiona milima ya Taiwan kutoka kwenye miamba ya magharibi, kama mtu anavyomwona jirani akianika nguo. Tokyo hatuioni kamwe. Lakini bila saini ya meya wa Hainuma hawachimbi. Serikali nzima, na manowari zake, inangoja kalamu ya meya wetu! Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi na chai imepoa.

Bandari ikipanuliwa, ufuo wa kusini unakatwa. Ufuoni kuna kaburi letu. Nililijenga mwenyewe kwa mawe ya matumbawe, paa kama mgongo wa kobe, mlango mdogo, ndani ni pakavu hata masika. Hatsu yumo. Wanasema watamhamishia kilimani, kwenye rafu za saruji. Hatsu kwenye rafu, kama mkebe wa samaki dukani.

Wagombea ni wawili na wote ni Tomori. Ndivyo tulivyo, ukitupa jiwe humkosi Tomori. Kwa hiyo huku tunaitana kwa jina la nyumba. Mwanamke ni Sumie, aliyekuwa muuguzi wa zahanati, aliyemuuguza Hatsu mpaka mwisho. Yeye ni wa Agari, Nyumba ya Mashariki. Hataki bandari ipanuliwe, anataka feri ya kwenda Taiwan. Mwanamume ni Choei, naibu wa meya anayestaafu. Anaitaka bandari.

Mimi na Hatsu tuko na Agari. Imekwisha.

Jumanne, 24 Februari

Kampeni zimeanza. Gari la Choei limepita na vipaza sauti, wanawake wenye glavu nyeupe wanapunga mikono. Gari la Sumie likapita upande wa pili na glavu zile zile. Wote wanapiga kelele: Tomori, Tomori, Tomori. Ng'ombe wangu hawajui wamchague nani.

Mchana Choei alikuja mwenyewe. Alivua viatu, akapiga magoti kwenye jamvi, akainama mpaka paji la uso likagusa. Naibu wa meya! Kwangu mimi! Nikamwacha chini muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Mzee Kentoku, najua huniungi mkono."

"Unajua vizuri."

"Sikuja kwa kura. Nimekuja kwa ajili ya kaburi. Nikishinda nitalihamisha kwa mikono yangu, jiwe kwa jiwe. Sitaleta tingatinga."

Nikamwambia ayaache mawe yalipo, hayajaomba kusafiri.

Halafu akaniuliza ule mwaka wa vita tulihamishwa vipi. Nikamwambia analijua hilo: kwa mashua za uvuvi, usiku kwa usiku, mpaka msituni kwenye kisiwa cha pili, kwenye mbu wa ile malaria. Akaniuliza waliorudi wangapi. Dada yangu Chiyo hakurudi.

"Siku mbaya ikija tena," akasema, "meli kubwa haiingii hapa. Mtapanda mashua za uvuvi tena, mzee. Mimi silali kwa ajili hiyo."

Aliondoka na neno la mwisho likiwa lake. Hilo halijanitokea tangu nioe.

Alhamisi, 26 Februari

Meli ya kijivu ya ulinzi imesimama nje ya miamba. Haiwezi kuingia, bandari ni ndogo, na nadhani imekuja kutuonyesha kwamba haiwezi kuingia. Nilikwenda kuiangalia na Eisho. Eisho ni mwenzangu wa umri, ana jicho moja, na yuko kwa Choei kwa sababu tu mimi niko kwa Sumie.

Tulisimama. Ilikuwa kubwa kuliko kijiji chetu. Haikutoa sauti hata moja. Mtu mmoja mdogo sana alikuwa juu anaanika shuka.

"Ungeweza kuipiga rangi wewe?" Eisho akaniuliza, kwa dharau.

Nikasema ningeipaka kwa wiki moja. Lakini moyoni nilitaka kuvua kofia. Sijui kwa nini. Nilivua.

Ijumaa, 27 Februari

Mkaza mwanangu Fumiyo, wa duka la ushirika, alinikalisha baada ya chakula na kuniwekea kalenda iliyogeuzwa upande wa nyuma, pamoja na penseli.

"Baba, andika Sumie. Herufi tatu tu: su, mi, e."

"Unanifundisha mimi kuandika?"

"Mwaka huu wote ni Tomori, baba. Ukiandika Tomori peke yake kura inagawanywa. Wamesema kwenye redio."

"Inagawanywa vipi, kwa kisu?"

Akacheka, akasema ni kwa hesabu. Nikamwambia aache mzaha. Kura ni kitu kimoja. Ama ipo, ama haipo.

Hakuniacha. Jaribu tu, baba, jaribu. Nikakataa. Nimekuwa nikipiga kura tangu enzi za dola, kabla mumewe hajazaliwa. Na nimwite yule mama Sumie tangu lini? Sijamwita Sumie hata siku moja. Mama yake alikuwa Agari, bibi yake alikuwa Agari. Hatsu akiwa kitandani alikuwa akisema, "Agari amekuja? Mpe chai."

Fumiyo akasema siku hizi vijana wa Hainuma wakisikia Agari wanamfikiria Choei, kwa sababu ile nyumba kaka yake Sumie alimuuzia Choei na ndiko anakolala.

"Nikilala zizini siwi ng'ombe," nikamwambia.

Akachukua kalenda yake, akaosha vyombo kwa kelele nyingi.

Jumapili, 1 Machi

Nimepiga kura!

Niliamka nikavaa suti ya mazishi, ndiyo nzuri niliyonayo. Nikapitia miamba ya magharibi kwanza. Usiku mvua iliosha hewa, na milima ilikuwepo yote, ya buluu, na mikunjo yake. Kulikuwa na kitu cheupe juu, sijui wingu sijui theluji. Baba yangu alikuwa akienda kule kunyolewa nywele. Siku hizo kinyozi wetu wa karibu alikuwa Taiwan. Alirudi na saa ya ukutani aliyoibeba mgongoni kama mtoto. Sasa kati yetu na yule kinyozi kuna manowari, na wakuu wa nchi hawasalimiani. Na mlima haujasogea hata shibiri. Nilisimama mpaka mgongo ukaniuma.

Ukumbi wa shule ulikuwa kimya kama hekalu. Watu ninaowajua wote, wale wanaonikopa jembe, walikuwa wamekaa wima nyuma ya meza kana kwamba hawajawahi kuniona. Tabata wa ofisi ya mji, ambaye nilimtoa kwenye kisima akiwa na kaptula, aliniambia: "Karibu, endelea mbele." Endelea mbele! Nikaendelea.

Kile kibanda. Penseli iliyochongwa vizuri. Karatasi ndogo, tupu, laini kama ngozi ya ndani ya yai. Hakuna picha, hakuna alama ya kuwekea tiki. Kwetu jina unaliandika mwenyewe kwa mkono wako. Na hakuna anayeangalia. Waziri mkuu huko aliko anapewa karatasi hiyo hiyo.

Niliandika TOMORI. Nikakandamiza sana. Kisha nikafikiri: wao wawili, lazima nikate mzizi wa utata, hata mpumbavu asikosee. Nikaandika: WA AGARI.

TOMORI WA AGARI. Herufi zote zimesimama wima kama askari. Niliitazama mpaka Tabata akakohoa.

Kisha nikaikunja, na ikajikunjua! Karatasi hiyo ukiikunja inafunguka yenyewe, polepole, kama kitu kinachopumua. Tabata akasema imetengenezwa hivyo ili wanaohesabu wasihangaike. Nikaikunja tena, nikaisukuma kwenye tundu la sanduku, na nikaweka sikio. Nilisikia inafunguka humo ndani. Wallahi nilisikia.

Jumatatu, 2 Machi

Kipaza sauti cha mji kiliita asubuhi, kile cha tahadhari ya kimbunga. Tabata ndiye aliyekuwa akisoma, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Tomori Sumie, kura mia moja sitini na nne na nusu.

Tomori Choei, kura mia moja sitini na nne na nusu.

Nilikuwa nafunga kamba ya ng'ombe. Nikaiachia. Ng'ombe akaenda kula mahindi matamu ya Fumiyo.

Nusu! Nimeishi miaka themanini na minane na sikujua kuna nusu ya mtu. Fumiyo alikuja mbio na aproni ya dukani.

"Baba, uliandika nini?"

"Nilichoandika ni siri ya mpiga kura."

"Baba."

"Nimeandika vizuri kuliko wote."

"Uliandika Agari."

Akakaa chini palepale, kwenye ndoo. Alikuwa na habari zote kutoka dukani. Kura zote zilikuwa wazi isipokuwa moja. Walibishana juu yake mpaka kahawa ikaisha. Upande wa Sumie walisema Agari ni yeye, kila mzee anajua. Upande wa Choei walisema Agari ni anwani ya Choei, barua zake zinafika hapo, na mtu kuandika anwani ya mgombea sheria inaruhusu. Mtu wa sheria aliyeulizwa kwa simu akasema: mmoja kazaliwa hapo, mwingine anaishi hapo, kwa hiyo neno hilo halimpi yeyote. Linabaki Tomori. Na Tomori peke yake inagawanywa kwa kadiri ya kura za kila mmoja. Zilikuwa sawa. Basi katikati.

Kwa hesabu, siyo kwa kisu. Lakini imekatwa.

"Na sasa?" nikamwuliza.

"Sasa ni kura ya vijiti, baba. Sheria inasema wakilingana wachague kwa bahati. Jumatano saa nne, wakubwa wa mkoa wakishafika na feri."

Jumatano ni Jurukunichi, mwaka mpya wa marehemu. Siku tunayokula na wafu wetu mlangoni mwa kaburi. Fumiyo aliona usoni mwangu kwamba nimekumbuka ni siku ya Hatsu, akaenda kumtoa ng'ombe kwenye mahindi.

Jumanne, 3 Machi

Nilikwenda ofisi ya mji kuirekebisha kura yangu. Nilivaa suti tena. Tabata akaniona nikiingia akasimama, akafunga dirisha.

"Babu Kentoku, tafadhali usiseme unachotaka kusema."

"Ile kura ni —"

"Babu." Alinyanyua mikono yote miwili. "Kura ikishaingia sandukuni haina mwenyewe. Haikuwahi kuwa na mwenyewe. Ukisema ni yako, mimi sikusikia."

"Tabata, mwandiko wangu uko njia panda kwa miaka ishirini. Ng'ombe wanaujua."

"Najua," akasema polepole. "Wote mezani tulijua. Hakuna aliyetaja jina lako. Usiku kucha. Hata upande wa Choei."

Nikamwuliza: polisi je, wakiniuliza? Hawaruhusiwi. Mahakama? Hairuhusiwi. Waziri mkuu? Akasema hata yeye, babu, hana ruhusa ya kukuuliza ulimwandika nani, imo ndani ya katiba.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimekuja kugomba. Lakini fikiria jambo hilo. Wakati wa vita askari mmoja alituamrisha twende msituni, hakuna aliyemwuliza kwa nini. Leo mwenye manowari zote haruhusiwi kuniuliza mimi swali moja. Ila na jibu langu nalo halipokelewi. Mlango umefungwa pande zote mbili kwa ajili yangu. Sijui nicheke au nilie. Mwandishi wa gazeti la Tokyo akapita akaniomba njia ya chooni. Alikuwa amesimama karibu na habari yote ya Hainuma akauliza choo.

Jioni Sumie akaja. Hakuingia, alisimama kwenye kizingiti na sahani ya tofu ya soya iliyofunikwa.

"Nimemletea Hatsu, kwa ajili ya kesho."

"Agari," nikasema, "mimi nilitaka —"

"Sijui unaongelea nini, mzee wangu." Na macho yake yalikuwa yanajua kila kitu.

"Ungeshinda."

"Au ningeshindwa kwa njia nyingine. Baba wa Choei na baba yangu walikuwa wanavuta mtumbwi mmoja. Kesho mmoja wetu ataondoka na ofisi, lakini kisiwani tutabaki wote." Akaweka sahani chini. "Umeniita Agari. Siku hizi ni wangapi bado wananiita hivyo? Wewe na Eisho tu."

Alikuwa amefika barabarani nilipokumbuka kumwambia ahsante. Nikapiga kelele. Akapunga mkono, bila glavu.

Jumatano, 4 Machi

Naandikia juu ya kifuniko cha kasha la chakula. Nimelileta ukumbini: keki za mchele, tofu ya Sumie, mwani uliofungwa fundo, nyama ya nguruwe ya Fumiyo. Tukimaliza hapa naenda moja kwa moja kwa Hatsu. Kama amebaki ufuoni nitamwambia. Kama anahama nitamwambia pia, kabla hajasikia kwa wengine. Leo wafu wote wako macho.

Kiti changu ni cha mbele. Nilimwambia Tabata masikio yangu yamezeeka, akanipa bila kubisha. Eisho yuko kulia kwangu, Fumiyo kushoto, amefunga duka na kubandika karatasi mlangoni. Kamera tatu. Ile meli ya kijivu bado iko nje, inaonekana dirishani juu ya paa la jiko la shule. Hewa imesafishika. Ukisimama kwenye kiti unaiona na milima. Nilisimama. Fumiyo akanivuta koti.

Bwana wa tume ya uchaguzi ameonyesha vijiti kwa watu wote. Viwili, vya mianzi, kama vile vya kuchomekea maandazi ya sherehe. Kimoja ncha imepakwa wino mwekundu; atakayekipata hicho ndiye meya. Kwanza walivuta kuamua nani aanze kuvuta. Nilidhani imekwisha nikashtuka, Eisho akanicheka: "Hiyo ni ya foleni, we mzee, bado." Hata bahati kwetu inapangiwa foleni.

Sumie ataanza. Amevaa koti lake la zahanati la zamani, bluu. Choei amenyoa vibaya, ana damu kidogo shingoni. Huyu mtu kweli halali usiku. Waliinamiana. Waliinama muda mrefu mno, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza, mpaka mtu mmoja nyuma akaanza kucheka na ukumbi mzima ukacheka, na wao pia wakacheka wakiwa bado wameinama.

Kisha wakainuka. Sumie akavuta, akafunga ngumi. Choei akavuta kilichobaki, akafunga ngumi.

Hawaruhusiwi kufungua mpaka waambiwe. Bwana wa tume anasafisha miwani yake.

Tokyo inangoja. Meli inangoja. Labda kinyozi wa Taiwan, mjukuu wa mjukuu wake, anamnyoa mtu na redio iko wazi. Na Chiyo, na Hatsu. Bandari, ufuo, saini, vyote vimeingia ndani ya ngumi mbili za watu niliowaona wakinyonya. Na katika kila ngumi mna nusu yangu. Mimi, mwenye herufi za pembe tu! Nusu hii hapa, nusu ile pale, na haijulikani ipi ndiyo mimi.

Anayesema nimeongeza chumvi amwulize Tabata, ingawa yeye atasema hakusikia. Amwulize Fumiyo, aliniambia Sumie ni herufi tatu. Amwulize Eisho kuliko wote, maana si wa upande wangu na hajawahi kunisifu. Ameshika goti langu kwa mkono wake na hajui kama amelishika. Jicho lake moja halipepesi.

Bwana wa tume amevaa miwani. Amesema, haya, fungueni. Naacha kuandika, nitazame.